Mmenilipisha kutoa upepo kwenye breki na nipeli hata hazijaguswa!

Wadau, salamu baadaye. Nimekasirika, na uzi huu nauandika nikiwa bado na grisi kwenye kucha.

Nilipeleka gari langu, Toyota Fielder, kwa gereji moja ya Industrial Area. Jina nalibana kwanza kwa sababu bado nawadai. Breki za mbele zilikuwa zimeanza ile kelele nyembamba ya chuma inayofanya watu wote wa stejini wageuke ukisimama. Kelele hiyo haiji kwa bahati mbaya: pedi nyingi huwekwa kibati makusudi kianze kukwaruza diski pedi inapokaribia kuisha. Kwa hiyo nilifika pale nikijua ninachotaka. Pedi mpya za mbele, na mafuta ya breki yatolewe yote kwa kutoa upepo, yaani kuyasukuma nje pamoja na hewa iliyonaswa kwenye paipu, kwa maana yalikuwa meusi kama turungi. Sikuenda kuuliza ushauri, nilienda na orodha.

Risiti hii hapa mbele yangu, mwandiko wao na muhuri wao. Pedi za mbele, 3,800. Ufundi, 1,500. Kutoa upepo magurudumu yote manne pamoja na mafuta mapya ya DOT 4, 2,500. Jumla 7,800, nimelipa kwa M-Pesa nikiwa nimesimama pale kaunta, sikuomba hata kupunguziwa.

Kabla sijamaliza Jogoo Road nilishajua kuna kitu. Nikikanyaga breki gari linavuta kushoto, na pedali inashuka chini kuliko ilivyokuwa kabla sijawapelekea. Nikasimama kando, nikapiga simu.

"Fundi, gari linavuta kushoto."

"Hizo ni pedi mpya madam, zitajikalia zenyewe."

"Na mbona pedali inazama hivi?"

"Madam, mwambie mzee anipigie tuongee."

Mzee gani? Gari ni langu, logibuku ina jina langu, pesa zimetoka kwa simu yangu. Nikakata.

Nikafika Donholm polepole kwa gia ndogo, nikatoa jeki na stendi, nikafungua magurudumu mwenyewe. Sasa sikilizeni nilichokuta.

Nipeli, ile skrubu ndogo yenye tundu ya kutolea upepo, iko nyuma ya kalipa (chuma kinachobana pedi kwenye diski), imevaa kofia ndogo ya mpira. Huwezi kutoa upepo pale bila kuivua hiyo kofia. Sasa kofia ya mbele kushoto ilikuwa imegandia na tope jekundu lililokauka. Lile tope nalijua, ni la ushago, tulitoka nalo Murang'a Krismasi. Nililibandua kwa bisibisi likatoka kipande kizima, na ndani yake alama ya umbo la kofia imejichora vizuri. Nyuma kulia hakuna hata kofia, nipeli imejaa kutu ya miaka, na kutu yenyewe haina mkwaruzo hata mmoja wa spana. Nikazunguka zote nne. Hakuna iliyofunguliwa. HAKUNA. Walichofanya ni kunyonya mafuta kidogo kwenye kikopo chini ya boneti na kumimina mapya juu, ndiyo maana ukichungulia pale juu rangi imefifia kidogo. Ukishuka kwenye paipu ni nyeusi tititi.

Hiyo ni 2,500 ya kazi ambayo haikufanywa. Na si kazi ya kupangusa kioo jamani, ni breki!

Pedi zenyewe ni mpya, hilo siwezi kuwaonea. Lakini namna walivyozifunga! Kalipa huteleza juu ya pini mbili. Upande wa kulia pini ya juu ilikuwa inacheza vizuri, ya chini imekwama kabisa, kavu, haijaona grisi. Ilibidi niizungushe kwa spana huku na huku mpaka ikatoka inalia. Kalipa isipoteleza, pistoni inasukuma pedi ya ndani na ile ya nje inabaki imezubaa tu, kwa hiyo breki ya kulia inashika nusunusu, ya kushoto inashika nzima, na gari linaenda kushoto. Ati zitajikalia zenyewe. Pini iliyoshika kutu haijikalii yenyewe hata uisubiri mpaka uchaguzi ujao. Tena vile vibati vinavyoshikilia pedi kwenye braketi, upande mmoja hawakuvirudisha. Nadhani viko sakafuni kwao hadi sasa.

Kitu kingine kinachoniudhi. Pale kaunta waliniambia ukibadilisha pedi ni LAZIMA utoe upepo. Si kweli. Kama hujafungua paipu wala nipeli, upepo utaingilia wapi? Unarudisha pistoni ndani taratibu ukiangalia kikopo kisifurike, unafunga, unapampu pedali mpaka iwe ngumu, basi. Mimi nilitaka upepo utolewe kwa sababu mafuta yalikuwa yamezeeka, na ndiyo njia ya kuyabadilisha yote mpaka kwenye paipu. Wao wanamwambia kila mteja ni lazima, halafu hawamfanyii hata mmoja. Ni biashara tamu hiyo.

Basi kesho yake nikashuka Kirinyaga Road kununua mafuta. Kule nako! Duka la kwanza kijana ananipa chupa ya DOT 4, sili imekatwa. Namuuliza mbona imefunguliwa? "Mama, kuna mteja alitaka kuona rangi." Nikamwangalia tu.

Kwa wasiojua kwa nini nilikataa: mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu wa hewani. Chupa ikishafunguliwa ikakaa rafuni, inaanza kuzeeka palepale. DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205, ikishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa na maji. Nyuzi 140 zinaonekana nyingi mpaka siku unashuka Rironi kwenda Mai Mahiu, gari limejaa watu na mizigo, mguu juu ya breki mteremko mzima. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanika kirahisi, mafuta hayabaniki. Unakanyaga, pedali inaenda mpaka sakafuni na gari haliskii. Na watu wa nyumbani kwangu hupita njia hiyo kwenda Naivasha. Ndiyo maana sicheki na mtu.

Nikapata chupa yenye sili duka la tatu au la nne, na nusu mita ya paipu ya plastiki inayoonyesha ndani.

Jioni mwanangu, yuko kidato cha pili, akaketi kwenye usukani, injini imezimwa. Mimi chini. Paipu moja kwenye nipeli, ncha ya pili imezama ndani ya chupa yenye mafuta safi kidogo. Unaanza gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ile pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedali. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia huwa ni nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, unamalizia mbele kulia, ila kitabu cha gari kikisema vingine fuata kitabu. Namwambia kanyaga, shikilia. Nalegeza nipeli robo mzunguko, mafuta yanaruka, pedali inazama, nakaza, NDIPO namwambia achia. Akiachia kabla sijakaza, upepo unavutwa ndani na kazi inaanza upya. Kila baada ya muda anatoka kuangalia kikopo kisikauke, kwa sababu kikikauka masta silinda yenyewe inanyonya upepo.

Nyuma kushoto yalitoka meusi yenye masizi. Kisha yakaja mapovu, madogomadogo yanafuatana kwenye paipu. "Mum, hii sasa inakuwa ngumu," akasema kijana akiwa bado amekanyaga. Mtoto wa shule kwa mguu wake ameshika tofauti ambayo fundi mwenye ovaroli na cheti ukutani ameniambia nimletee mzee ndipo aielewe.

Katikati ya kazi kea teka wa ploti akaja na mambo yake. "Mama Brian, hapa si gereji, utamwaga oili kwa kabro." Nilikuwa nimetandika makatoni, lakini nikamwambia ukweli: hofu yangu si kabro, ni rangi ya gari, maana haya mafuta yakidondokea rangi yanaibabua usipoyamwagia maji haraka. Akasimama kutazama. Mwisho akaanza kuniuliza kuhusu Probox ya shemeji yake.

Sasa najua watakaokuja hapa chini, kwa hiyo niwajibu mapema.

Wewe unayetaka kuandika "ungesimama hapo ukiangalia": wana kibao kinachosema wateja wakae sehemu ya kungojea. Wameweka benchi na runinga. Unatazama habari huku breki zako zinapakwa mafuta juujuu. Sasa naelewa runinga ni ya kazi gani.

Wewe wa "rahisi ni ghali": nimelipa bei yao kamili. Sikwenda kwa fundi wa chini ya mti. Na fundi niliyemzoea Kariobangi, aliyekuwa akifanyia kazi kwenye vumbi tupu, alikuwa akiniita nije nione pini kabla hajairudisha. Amehama mji, ndiyo sababu nikaingia mikononi mwa hawa wenye kaunta ya kioo.

Na wewe wa "wanawake na magari", umechelewa. Fundi wako amekutangulia kusema.

Risiti yao ina maandishi mekundu chini: mali ikiuzwa hairudishwi. Sawa, sirudishi pedi. Lakini huduma ambayo haikutolewa nayo hairudishwi? Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji tangu 2012. Muhuri mwekundu wa gereji haufuti Katiba. Nimepiga picha kofia, kutu, pini na kile kipande cha tope, na kipande chenyewe kiko kwenye mfuko wa nailoni ndani ya droo.

Ambaye ametoka gereji karibuni na risiti imeandikwa kutoa upepo, shuka uangalie nipeli zako leo. Huhitaji hata kuvua gurudumu kwa magari mengi, piga kurunzi kwa nyuma. Kama kofia na vumbi ni vilevile vya mwaka jana, umeibiwa kama mimi. Njoo uandike hapa, bila jina la gereji kama unaogopa, tujue tuko wangapi.

NYONGEZA: Naona maswali. Anayeuliza kuhusu ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki), yangu inayo na njia hii ya kukanyaga imetosha kwa kubadilisha mafuta. Lakini upepo ukiingia ndani ya pampu ya ABS, magari mengine hutaka mashine ya kompyuta kuifungua, hiyo usijaribu nyumbani. Anayetaka kujaza ATF (oili ya gia za otomatiki) au oili ya injini "kwa dharura", TAFADHALI usifanye, inavimbisha mipira yote ya breki na utanunua masta silinda. Na yeyote atakayeingia kwenye gurudumu akiwa ameshikilia gari kwa jeki peke yake, mimi sijamfundisha. Weka stendi. Ukimaliza, pampu pedali mpaka ishike KABLA hujaondoa gari, si ukishafika getini.

Kwa grisi ya pini, nunua ile ya breki inayovumilia joto. Grisi ya bearingi inaharibu mipira ya pini na unarudi palepale.

NYONGEZA YA PILI: Mwenye gereji amenipigia. Kuna mtu wa humu amemtumia uzi, asante sana. Anasema nirudishe gari "wanirekebishie bure". Warekebishe nini tena? Gari halivuti, pedali iko juu, kazi nimemaliza mimi na mtoto. Nimemwambia nataka 2,500 yangu ya upepo, na ile 1,500 ya ufundi tuizungumzie, kwa sababu pini nimetoa mimi. Ameniuliza kama anaweza kuongea na mzee. Namba ya M-Pesa ni ileile iliyomlipa, na picha zote anazo. Nimempa mpaka Ijumaa, baada ya hapo jina la gereji litakuwa kichwa cha uzi mpya.