Naomba ushauri: dada wa kazi hazalishi, nimwondoe nifungue ushonaji?

FundiMtarajiwa: Wakuu, wiki nzima silali. Nasoma kitabu cha mwanauchumi Adam Smith cha 1776. Anasema ukiajiri mafundi wengi unatajirika, ukilisha watumishi wengi unafukarika. Kazi ya fundi inabaki ndani ya kitu kinachouzika, ya mtumishi inapotea palepale. Nina dada wa kazi, na nataka kufungua ushonaji. Nimwondoe?

Mama Pacha: Kwa hiyo watoto wako wanajiogesha? Mnasoma vitabu mnasahau utu.

Mzee Kiboriloni: Kijana, kwenye kapu hilohilo la wasiozalisha Smith alimtia mfalme, askari, mapadri, mawakili, madaktari na waimbaji. Kabla yake Quesnay, daktari wa mfalme wa Ufaransa, alisema ziada hutoka shambani tu. Fundi wako angemweka tabaka la tasa, yaani wasiozalisha ziada. Mwaka 1803 Say, mwanauchumi Mfaransa, akampinga Smith: daktari anazalisha, ila zao lake huliwa linapozaliwa. Huyo dada unamlipa ngapi?

FundiMtarajiwa: Shikamoo mzee. Mshahara si hoja hapa.

Mzee Kiboriloni: Marahaba. Ndiyo hoja yenyewe. Ukurasa huohuo Smith anasema kazi ya mtumishi nayo ina thamani yake na inastahili ujira wake kama ilivyo ya fundi. Hukufika hapo?

FundiMtarajiwa: Sawa. Ananidai miezi 4. Vyerehani 2 nimeshanunua, fundi anaanza Jumatatu. Lakini kwangu anakula na kulala bure, na mtaji ukizunguka nitamlipa.

Binti wa Muscat: Kaka, nimefanya kazi za ndani Muscat miaka 3. Mwezi wa kwanza bila mshahara unavumilia. Wa tatu mama anapiga simu kutoka Tanga, unaacha iite mpaka ikatike. Hivyo vyerehani ni vyake. Unamwita asiyezalisha wakati mtaji wako wote umetoka kwake.

Chuma Chakavu: Jamani, hii chai. Mwezi Machi, huyuhuyu aliomba tumsaidie insha ya Smith na Quesnay, akasema anakaa hosteli. Hosteli na dada wa kazi wapi na wapi?

Mama Pacha: Kumbe tunamwandikia insha!

FundiMtarajiwa: Nasoma masomo ya jioni. Hosteli niliitaja ili nisitambulike.

Chuma Chakavu: Weka picha ya vyerehani.

Binti wa Muscat: Picha za nini. Kaka, huyo dada anaamka saa ngapi?

FundiMtarajiwa: Saa 10 alfajiri. Mimi saa 1.