Tupeane uzoefu: wa Kusini mnaotazama muvi kwenye TV zote za nyumbani bila kuhamisha flashi

Wadau wa Mtwara na Lindi, habari za jioni. Hapa kwangu Shangani muvi, taarabu za mama na video za harusi za ukoo mzima ziko kwenye diski moja, imechomekwa kwenye laptopu kuukuu yenye Jellyfin, programu ya bure ya kugawa muvi kwa TV na simu za nyumbani. TV ya sebuleni, ya chumbani na simu za watoto zote zinachota humo kupitia ruta.

Kitu kimoja kieleweke mapema: hii haili bando. Muvi inatoka kwenye laptopu, inapita kwenye ruta, inaingia kwenye TV, haijatoka nje ya geti. Kinachokula bando ni YouTube, na hapo wengi hujidanganya: ukirusha video ya YouTube kutoka kwenye simu kwenda kwenye TV, simu inakuwa rimoti tu, TV ndiyo inayovuta intaneti yenyewe.

Wenzangu mmefungaje? Mmekwamia wapi?

*Mdau wa Mikindani*
Mkuu, mimi naishi nyumba ya zamani ya ukoo, ya mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta zake nene kiasi kwamba mtoto analala dirishani. Joto halisumbui, ila waifai ndiyo ilikuwa shida. Ukivuka ukuta wa kwanza muvi inasuasua, wa pili inagoma kabisa.

Fundi mmoja alishauri ninunue ruta kubwa zaidi, nikamwambia asubiri kwanza. Mtoto wa dada akaingia kwenye mipangilio, akaihamisha TV kutoka waifai ya gigahezi 5 kwenda ya 2.4, kwa sababu mawimbi ya 2.4 yanapenya ukuta vizuri zaidi, japo kasi inapungua na yanagongana na waifai za majirani. Chumba cha pili kikapata. Cha bibi, kule uani, hakikupata kitu.

Dawa ikawa waya. Tulivuta waya wa mtandao, Cat5e, juu ya boriti hadi uani, mwisho wake tukaweka ruta ndogo ya zamani iwe ya kurushia waifai tu. Waya huo unabeba gigabiti 1 kwa sekunde na unaruhusiwa kufika mita 100, nyumba yangu haifiki hata nusu. Sasa bibi ananipigia simu kazini nimwekee kaswida mpya. Walio karibu na bahari, vichwa vya waya msiviache nje, chumvi inavila.

*Mdau wa Lindi mjini*
Mbona mnajitesa? Mimi naenda laibrari, naingiziwa muvi kwenye flashi, nachomeka, kwisha habari.

*Mwanzisha mada*
Kwa nyumba ya TV moja uko sahihi kabisa, ndugu yangu. Ila flashi yako ikiwa imeformatiwa kwa mfumo wa FAT32, faili la zaidi ya GB 4 haliingii hata nafasi iwepo. Iformati kwa mfumo wa exFAT, baada ya kuhakikisha TV yako inaisoma.

*Mdau wa Masasi*
Si lazima laptopu. Angalia nyuma ya ruta kama kuna tundu la USB (nyingi za laini ya simu hazina). Unachomeka diski, unawasha DLNA (njia ya ruta kuzionyesha TV mafaili ya diski), unafungua programu ya VLC kwenye TV. Diski kubwa iwe na chaja yake, tundu la ruta halitoi umeme wa kutosha.

*Mdau wa Newala*
Samahani wakuu, mimi muvi nyingine zinatoa picha bila sauti, nyingine TV inakataa kabisa. Tatizo mtandao?

*Mwanzisha mada*
Hapana dada. Video hubanwa kwa mifumo tofauti: TV za zamani zinajua H.264, zikipewa H.265 iliyo mpya zaidi zinakataa. Sauti ikikosekana, mara nyingi faili lina sauti ya mfumo wa DTS ambao TV haiusomi. Jellyfin inaweza kubadilisha papo hapo, lakini laptopu ya zamani itahema. Afadhali uzibadilishe mara moja kwa programu ya HandBrake, iache ifanye kazi usiku.

*Mdau wa Kilwa*
Mnakumbuka Mei 2024? Kimbunga Hidaya kimepita, barabara ya Dar imekatika, halafu tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom nazo zikakatika. Intaneti ikawa ya kubahatisha, sisi tunatazama muvi kama kawaida. Wanaotumia Plex, programu ya kazi kama ya Jellyfin, wajipange: akaunti yake inathibitishwa mtandaoni, kwa hiyo usipoiandaa mapema inaweza kukugomea siku kama hizo. Ya Jellyfin iko humo humo nyumbani.

*Mdau wa Ligula*
Nyongeza kwa mnaowasha DLNA: kwa kawaida haiulizi nywila. Kila aliyeunganishwa na waifai yako anaona yote. Sisi tunachangia waifai na wapangaji. Shemeji akaweka video ya kicheni pati ya mdogo wake kwenye diski, jioni vijana wa chumba cha mbele wameifungua, wanacheka. Mambo ya kina mama yale! Kesi ilifika kwa mama mwenye nyumba.

Tumehamia Jellyfin, kila mtu na akaunti yake, folda ya kina mama inaonekana kwa kina mama tu. Wapangaji nimewawekea waifai ya wageni, intaneti wanapata, diski hawaioni.