Kamera ya geti inakuwa nyeupe usiku

Matroni_Tanga: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni matroni wa shule ya bweni huku Tanga, karibu na bahari. Mchana kamera zote safi, ila usiku ile ya getini inajaa weupe kama moshi. Tena umeme ukikatika, saa ya rekoda inarudi miaka ya nyuma. Fundi anasema tununue mfumo mpya. Nina watoto wa watu humu, naomba ushauri.

FundiWaya: Dada, usinunue kwanza. Usiku kamera inawasha taa za infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, na buibui anatega utando mbele ya lenzi. Utando ndio unaorudisha ule weupe. Suuza kioo kwa maji safi, kisha pangusa kwa kitambaa laini. Usisugue kikavu, chumvi ya bahari inakwaruza. Saa ni betri ndogo ya ndani, mara nyingi CR2032. Zima umeme ndipo ibadilishwe. Halafu tafuta rekodi ya juzi uicheze. Picha kuonekana kwenye skrini haina maana kwamba inahifadhiwa.

Mwl_Kihonda: Angalia pia hakuna kamera inayoelekea vitandani au bafuni. Hapo sibembelezi mtu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Matroni_Tanga: Geti sasa linaonekana vizuri, asanteni sana. Mabwenini kamera ziko nje tu. Ila rekodi ya juzi haipo, hata ya jana.

FundiWaya: Basi shida ni diski ya rekoda, ile inayohifadhi picha. Fungua menyu ya hifadhi, usome hali yake, uniandikie hapa. Usiiformati, yaani usiifute yote.