Bedford J6 ya dizeli inauzwa Jomvu, injini imekwama: nikague nini kabla sijatoa pesa?

Kombo_Jomvu

Salaam jamani. Kuna lori la Bedford J6 linauzwa huku Jomvu, Mombasa: kabini ya pua, dizeli ya silinda sita, nyuma bodi bapa ya mbao isiyo na kuta. Imelala chini ya mwembe miaka mingi. Rangi ni ileile ya zamani, imepauka, hakuna aliyeigusa wala kuipiga filla. Magurudumu ya nyuma yamezama udongoni hadi kwenye rimu. Injini haizunguki hata ukiweka spana kwenye puli. Mwenyewe anataka laki tatu na nusu, na anaapa kwamba "ni kitu kidogo tu, fundi akiigusa itawaka". Nataka kuirudisha ilivyokuwa, si ya kubebea mchanga. Nianzie wapi kukagua, na nikiona nini niondoke zangu?

ChumaShimanzi

Injini iache kwanza. Injini iliyokwama ni kazi ya spana na subira. Chasi iliyoliwa na karatasi zisizokuwepo ndizo zitakazokumaliza.

Lala chini ya gari ukiwa na tochi, nyundo ndogo na bisibisi kuukuu. Chasi za huku pwani hazianzi kuoza katikati ya boriti, huanza pale chuma kilipolala juu ya chuma. Unyevu wa chumvi hupenya kati ya bati mbili zilizopigwa ribiti, kutu ikavimba na kuzisukuma zitengane. Itazame kwa ubavu: mshono ukiwa umefunguka kama kurasa za kitabu kilicholoa, na vichwa vya ribiti vimenyanyuka, hiyo ni kazi ya kung'oa na kupiga upya. Angalia zaidi hanga za springi za nyuma, boriti ya msalaba nyuma ya kabini, na juu ya chasi pale bodi ilipokalia. Gonga. Chuma kizima hulia, kilichooza hujibu bubu. Bisibisi ikizama, ondoka au teremsha bei sana.

Kisha pima mishazari kwa futi ya chuma: kutoka hanga ya springi ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, halafu kinyume chake. Tofauti ikizidi milimita 6 hivi, chasi imepinda, na kuchomelea hakutainyoosha.

Kwenye kabini, funua mikeka ya miguuni, papasa chini ya milango na pembe za kioo cha mbele. Kioo kikiwa kizima, hesabu hiyo ni pesa. Bati la kabini lisipigwe mchanga, litajikunja. Tumia brashi ya waya na dawa ya kugeuza kutu.

Na hili watu wa Mombasa hulisahau: kabla ya rangi yoyote osha chuma kwa maji matamu, mara tatu au nne, kikauke. Maji ya kisima ni ya chumvi, ukiosha kwayo unapaka rangi juu ya chumvi, na malengelenge yatatokea msimu wa mvua wa kwanza. Maji hayohayo yasiingie kwenye rejeta.

PampuNaNozo

Naongezea upande wa injini. "Itawaka" maana yake hajui. Mtu asikushawishi uivute kwa lori jingine huku gia imeingizwa. Ringi zilizoshikana na silinda zitavunjika, au koneti (fimbo inayounganisha pistoni na krenki) ipinde.

Toa injekta zote sita, uziwekee alama kwa namba. Mwaga dizeli iliyochanganywa nusu kwa nusu na ATF (oili ya giaboksi otomatiki), kama mililita 60 kila silinda, na uongeze kila inaposhuka. Ipe wiki nzima. Kisha weka spana ndefu kwenye nati ya krenki na usukume kidogo mbele, kidogo nyuma, hata ikijongea upana wa ukucha tu. Ikikataa kabisa baada ya wiki mbili, fungua hedi. Mara nyingi utakuta ni silinda moja au mbili ambazo valvu zake zilibaki wazi, unyevu ukaingia.

Ikishazunguka, usiiwashe bado. Vua pampu ya dizeli uipeleke kwa fundi wa pampu. Raki, yaani fimbo ya ndani ya pampu inayopima dizeli, ikiwa imeganda kwenye mafuta mengi, injini itawaka na kupanda mbio bila kusimama, na kuzima swichi hakusaidii, dizeli haihitaji umeme. Siku ya kuwasha, mtu mmoja asimame na kipande cha mbao bapa cha kuziba mdomo wa hewa. Mbao, si kiganja.

Tangi lisafishwe, filta mpya, oili mpya. Izungushe kwa stata huku kamba ya kuzimia imevutwa hadi geji ya oili ipande. Toa hewa kwa mpangilio: filta kwanza, kisha pampu, mwisho legeza nati za paipu kwenye injekta nusu mzunguko. Na kabla ya kufunga betri angalia waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye chuma cha gari, umetoka upande gani wa betri. Magari mengi ya Kiingereza ya enzi hizo chanya ndiyo iliyofungwa kwenye chuma cha gari. Ukigeuza bila kujua, umeunguza.

Mwendokasi_Likoni

Mnamchosha bure. Toa hilo dude, weka injini ya Isuzu 6BD1, spea ziko kila duka. Wiki mbili yuko barabarani.

PampuNaNozo

@Mwendokasi_Likoni angetaka lori la kazi ningekubaliana nawe. Yeye anataka Bedford. Hata hivyo 6BD1 haikai hivihivi: hausingi ya klachi, mikono ya injini, urefu wa propela, na namba ya injini ibadilishwe kwenye logibuku. Breki pia. Dizeli haina vakyumu ya kutosha kwenye manifoldi, kwa hiyo servo, kifaa kinachosaidia mguu kukanyaga breki, hutegemea pampu yake. Ukitoa injini umetoa na pampu. Isuzu nyingi zina pampu ya vakyumu nyuma ya alteneta, basi hakikisha unanunua hiyo, la sivyo utakanyaga breki kama unakanyaga jiwe.

Spea si shida kama watu wanavyodhani. Bedford za umbo hili zilianza kutengenezwa mwaka 1958, na Pakistani malori yake ya kupambwa rangi ni haya haya, spea bado zinafyatuliwa huko. Gasketi, ringi na wili silinda zinaagizika Karachi. Cha shida ni vipambo vya kabini, taa na vitasa. Vikiwepo vyote, usiache hata kimoja kwa mwenye gari.

ChumaShimanzi

Kuhusu kuihamisha: isivutwe kwa kamba. Injini ikiwa imezima, giaboksi haipati oili, na servo haifanyi kazi, na lori la namna hii hata likiwa tupu ni la tani kadhaa. Kodi lori la kubebea mitambo. Ikibidi kuivuta hata mita mia, vua propela shafti.

Magurudumu yasiguswe kabla ya kutoa vali ya ndani na hewa yote kuisha. Hizi ni rimu za ringi, yaani tairi hushikwa na ringi ya chuma inayotoka, na ringi iliyoliwa na kutu huruka kwa nguvu ya kuua. Kujaza hewa ni ndani ya kizimba au rimu imefungwa mnyororo, na usimame pembeni. Nati za upande wa kushoto mara nyingi zina uzi wa kinyume, tafuta herufi L kwenye kichwa cha bolti. Wengi wamekata bolti kwa kulazimisha upande usio wake.

Mbao za bodi zisikutishe. Zikiwa za mvule au mbambakofi, nyingi zitapona, mchwa huanza na zile laini. Kati ya chasi na fremu ya bodi hukaa ubao mgumu, uurudishe. Fundi akikuambia achomelee fremu moja kwa moja kwenye chasi, mkatalie: bodi inatakiwa icheze kidogo, ikibanwa chasi inapasuka pale weldi ilipoishia.

Kombo_Jomvu

Shukran sana. Namba yake ni ya zamani, haina herufi mwishoni. Mwenyewe ana logibuku ya karatasi kwa jina la marehemu baba yake. Amesema nilipe arabuni, karatasi tutashughulikia baadaye.

ChumaShimanzi

Usilipe arabuni. Mirathi kwanza: msimamizi aliyeteuliwa na mahakama ndiye mwenye haki ya kuuza, na ahamishe jina mwenyewe kupitia eCitizen. Kwaruza rangi kwenye chasi hadi namba isomeke, ilinganishe na logibuku tarakimu kwa tarakimu, uipige picha. Hilo ni la dakika kumi, lifanye kabla hata hujalala chini na nyundo.