Tupeane uzoefu: Mliofufua gemu za zamani kwa emuleta, yapi yamewakuta?

Kitufe cha Mraba
Wakuu, habari zenu. Juzi mpwa wangu kanisogezea simu sikioni, "Mjomba, hebu sikia." Ukalia ule mlio wa PS1, PlayStation ya kwanza, ikiwaka, ule mzito unaotetemesha kifua. Nywele zilinisimama. Mtoto mwenyewe hajazaliwa mashine ile inatamba, na gemu nzima anatembea nayo mfukoni. Habari za kuigeuza mashine kichwa chini ili isome diski hazijui.

Tangu siku hiyo nimerudi kwenye ulevi wa emuleta, hizi programu zinazoigiza mashine za zamani. Gemu moja inawaka safi, nyingine inaishia kwenye ile menyu ya kadi ya kumbukumbu na CD, basi. Mliotangulia, mwageni yenu hapa.

Padi Mbovu
Umenikumbusha mbali sana mkuu. Nimekaa mkao wa kusoma.

Shangazi Pikseli
Mimi mlango wangu ulikuwa PSP, ile PlayStation ya mkononi. Emuleta yake, PPSSPP, haikuombi BIOS (ile programu ya ndani ya kuiwasha mashine) wala nini, unaionyesha gemu ilipo, inawaka. Shida ni kucheza kwa vidole juu ya kioo. God of War: Chains of Olympus, pale dude linapotaka kumalizwa, kinatokea kitufe cha duara, kidole changu kinaangukia pembetatu. Kratos anatupwa chini, lile dude linapata nguvu, tunaanza tena. Na dole gumba limeziba nusu ya skrini, hata sioni kinachoniua. Tafuteni padi ya Bluetooth, mtanishukuru.

Fremu Sitini
Padi ya Bluetooth inachelewa. Ya waya.

Shangazi Pikseli
Yangu haichelewi.

Fremu Sitini
Inachelewa dada, ila umeshaizoea. Na si padi tu. TV za sasa zinaichakata picha kwanza ndipo ziionyeshe, kwa hiyo unabonyeza kuruka, Mario anaruka akiwa tayari shimoni. Washa hali ya gemu kwenye TV. Ukiwa na RetroArch, programu inayobeba emuleta nyingi, kuna sehemu ya kuiambia ikimbie mbele fremu (picha) moja au mbili, inapunguza ule uzito. Usizidishe, picha itaanza kurukaruka.

Mzee wa Kaseti
Langu la ajabu kidogo. Nimeiwasha Sonic ya kwanza, ile ya 1991, naona jamaa anakimbia kuliko nilivyomzoea. Muziki nao mbiombio. Nikajua emuleta imeharibika, nikakorofisha mipangilio yote. Kumbe emuleta haina tatizo! Kaseti yetu ya utotoni ilikuwa ya soko la Ulaya, TV za kule zilikwenda picha 50 kwa sekunde, na gemu yenyewe iliandikwa kwa 60, wala hawakujisumbua kuirekebisha. Yaani utoto wangu wote nimecheza Sonic aliyepunguzwa kasi. Mnaohangaika na kasi, kabla ya kugusa kitu angalieni faili yenu ni ya Ulaya, Marekani au Japani.

Padi Mbovu
Ndiyo maana nilikuwa namaliza mapema kuliko wote mtaani 😂

Diski ya Pili
Nilikuwa napita tu lakini uzi huu umenitonesha kidonda. Acheni niseme.

Mimi na dada yangu tulikuwa tunacheza Final Fantasy VII kwa zamu. Diski tatu, mnaijua. Sisi si watu wa haraka. Dada anazungumza na kila mtu kila kijiji, kila sanduku lazima lifunguliwe. Yeye ndiye aliyehangaika mpaka akampatia Aerith, yule dada wa kwenye gemu, ile nguvu yake kuu ya Great Gospel, mambo ya kuzungushana na yule mzee anayelala pangoni hadi akupe mythril. Tumefika mwisho wa diski ya kwanza, limetokea lile linalotokea pale (sitaki kuongea), dada kalia, gemu ikauliza mnasevu? Tukasevu. Tena tulisevu kwa njia ya gemu, si ile sevu ya emuleta, maana tuliambiwa ya gemu ndiyo salama.

Nikafunga, nikafungua faili ya diski ya pili. Nikabonyeza Continue. Kadi tupu! Nafasi zote 15, nyeupe pee. Dada kanitazama. Nikarudi nikafungua tena, tupu. Nikazima simu, nikawasha, tupu. Hapo mikono inatetemeka. Nikaingia kuuliza kwenye kundi moja la wachezaji, jamaa kanijibu ndani ya dakika: futa programu, sakinisha upya, huwa inajirekebisha. Nikafuta, nikasakinisha.

Sasa hata diski ya kwanza ikawa haina kitu.

Dada hakunisemesha kwa siku kadhaa. Aliyetengeneza ile emuleta sijui alikuwa anawaza nini.

Kitufe cha Mraba
Daaah. Pole sana ndugu yangu.

Mzee wa Kaseti
Mlimpa Aerith Great Gospel, mkamtumia kwa muda ule mfupi uliobaki, halafu mkapoteza na sevu. Poleni mara mbili.

Fremu Sitini
Mkuu pole, ila sevu yenu haikupotea mpaka ulipofuta programu. Hiyo emuleta inatengeneza kadi kwa kila gemu kufuata jina la faili. Diski ya kwanza jina lake, ya pili jina lake, kwa hiyo ilipofunguka ya pili ikaundiwa kadi mpya. Ya zamani ilikuwepo pale pale kwenye folda, imekaa inakusubiri. Android ukifuta programu inafuta na folda yake ya ndani.

Diski ya Pili
Kwa hiyo mimi ndiye mwenye kosa? Diski tatu, gemu moja, kadi tatu, nani ana akili hiyo?

Fremu Sitini
Sijasema kosa lako. Nimesema ilikuwepo.

Diski ya Pili
Ndiyo umezidi kuniumiza.

Shangazi Pikseli
Muache mwenzio jamani, ana msiba.

Mtaalamu Kimya
Kwa atakayefika hapa baadaye: fungua faili ya maandishi, andika majina ya diski zote, kila moja mstari wake, ihifadhi kwa mwisho wa .m3u, halafu hiyo ndiyo unayoifungua. Emuleta itajua ni gemu moja, na diski utabadilisha kwenye menyu bila kuzima. Au chagua kadi moja ya pamoja kwa gemu zote. PS1 kadi nzima ni KB 128, nakili popote, haijazi kitu.

Padi Mbovu
Kadi ya pamoja usithubutu, nafasi 15 zinaisha, unafuta sevu ya mwenzio.

Mtaalamu Kimya
Unatengeneza kadi ya pili. Si ya plastiki hii.

Mlinda Haki
Samahani wakuu, mnaongea kwa raha utadhani si wizi. Hizo faili mmezitoa wapi?

Mzee wa Kaseti
Kaseti zangu ninazo kabatini, mkuu. Emuleta yenyewe si wizi. Sony waliwapeleka Connectix, waliotengeneza emuleta ya PS1, mahakamani, na mwaka 2000 mahakama ya rufaa Marekani ikawapa ushindi Connectix.

Mlinda Haki
Na wale wa Yuzu, emuleta ya Nintendo Switch, je? 2024 wamefunga duka na kukubali kuilipa Nintendo dola milioni 2.4.

Mzee wa Kaseti
Ile hoja ilikuwa kuvunja kufuli za gemu za Switch, mashine iliyokuwa bado sokoni. Mimi naongelea kaseti ambayo hakuna anayeiuza tena.

Mlinda Haki
BIOS nayo ina mwenyewe, hata kama mashine imezeeka.

Kitufe cha Mraba
Hilo kweli, BIOS itoe kwenye mashine yako. Tusigombane wakuu, turudi kwenye mada.

Shangazi Pikseli
Na kwa usalama wenu: BIOS ya PS1 ni KB 512 tu. Ukishusha kitu cha MB 80 kinachoishia na exe, hiyo si BIOS, hiyo ni virusi inabisha hodi.

Nyoka Mkavu
Kuna mtu alikwama kwa Psycho Mantis kama mimi? Metal Gear Solid ya 1998, yule bwana anasoma kila unachobonyeza mpaka uhamishe padi kwenye tundu la pili. Mimi nachezea kibodi! Tundu la pili nalitoa wapi? Nimekufa mpaka nikamzoea. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio, mchezaji wa pili mpe vitufe vile vile, wa kwanza mzime. Akapigwa kama mtoto. Ila alinihuzunisha kidogo, enzi zile alikuwa anachungulia kadi na kutaja gemu za Konami ulizocheza. Kadi yangu ya emuleta ilikuwa mpya, hakuwa na cha kuchungulia.

Padi Mbovu
😂😂 Kibodi ilimshinda mchawi

Diski ya Pili
Nimempa dada habari ya m3u. Amekubali tuanze upya, ila simu inakaa kwake.

Mgeni Njiani
Habari wakuu, mimi mgeni. Simu yangu ina GHz zaidi ya 2, nimesikia PS2 ilikuwa chini ya MHz 300, mbona gemu ya mpira inatembea kama ipo ndani ya maji?

Mtaalamu Kimya
Kwa sababu simu haiendeshi gemu, inatafsiri kila amri kwa wakati huo huo. Na PS2 si chipu moja. Kuna kichakataji kikuu, viwili vya hesabu za picha, cha kuchora, na kingine cha kusimamia padi na diski ambacho ndicho kile kile cha PS1. Vyote lazima viende kwa hatua moja. Shusha ubora wa picha uwe wa asili, mara moja.

Shangazi Pikseli
Au hamia kwenye kompyuta, kuna emuleta ya PS2 inaitwa PCSX2. Ya simu iliyokuwa nzuri ni AetherSX2, mtengenezaji aliacha mwanzoni mwa 2023 kwa kuchoshwa na matusi na vitisho vya watu.

Mgeni Njiani
Asanteni. Sasa padi, nichukue ya Bluetooth au ya waya?

Mzee wa Kaseti
Usiulize hapa mdogo wangu.

Fremu Sitini
Ya waya.