Ushauri: wageni kutoka Tanga, milima na makorongo ya Phoenix, mwezi Juni

Pwani_Mesa
Habari za humu wakuu. Wiki ya pili ya Juni napokea wageni hapa Arizona: kaka na mkewe, watoto wao wawili (miaka 9 na 14) na mama, miaka 64, goti linamsumbua kwenye ngazi. Jangwani hawajawahi kufika. Wameona picha za mlima Camelback na wameshaamua, hasa huyo wa miaka 14. Nina siku tano na gari la watu saba. Naomba kujua: Camelback itawafaa? Kuna korongo lenye kivuli karibu? Maji kiasi gani kwa kila mtu? Na Grand Canyon, kwenda na kurudi siku moja inawezekana? Kaka anasema joto la Tanga limeshawakomaza.

Mkwezi48
Nianze na hilo la Tanga, maana ndilo linalowaangusha watu wa pwani huku. Kule ukitembea dakika kumi shati limelowa, unajua maji yanakutoka, unatafuta dafu. Huku Juni hewa ni kavu mno, jasho linakauka kabla hujaliona. Shati kavu, usoni chumvi tu, mtu anajiona mzima mpaka kichwa kianze kugonga. Kwa hiyo msisubiri kiu wala jasho. Kunyweni kwa kuangalia saa.

Camelback sasa. Njia ya Echo Canyon ni kama kilomita 2 tu kwenda, na ufupi huo ndio unaowadanganya watu, kwa sababu ndani yake mnapanda karibu mita 390. Kuna sehemu za mteremko mkali zenye bomba la chuma la kushikilia, kisha juu njia inaisha na kuwa mawe makubwa ya kuparamia kwa mikono hadi kileleni, mita 824. Wengi wanaoumia huumia wakishuka: mapaja yameshachoka, yanatetemeka, na changarawe juu ya mwamba zinateleza. Njia ya pili, Cholla, upande wa mashariki, ni ndefu kidogo na inaanza kwa upole, ila kipande cha mwisho nacho ni cha mikono.

Kijana wa 14 na baba yake wanaweza. Wa miaka 9 hapana, na mama asikaribie. Waanze jua linapochomoza, kama saa 11 na robo alfajiri, na kabla ya saa 2 wawe wameshafika kwenye gari. Siku likitolewa onyo la joto kali, jiji linafunga njia za Camelback na Piestewa Peak kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Kuna wanaolisoma tangazo hilo wakadhani wakiingia saa 1 na nusu wamewahi. Hapo wanajipangia kushuka katikati ya jua. Na jioni usidanganyike: joto hufika kilele alasiri, na mwamba uliooka mchana kutwa unaendelea kulitoa hata jua likishazama.

Bi_Kiwanja
Kwa mama mpeleke Scottsdale, Hifadhi ya McDowell Sonoran, lango la Gateway. Hakuna kiingilio, kuna vyoo na maji pale mwanzoni (ukishaingia ndani maji hakuna popote). Bajada Nature Trail ni mzunguko wa chini ya kilomita moja, tambarare, hata kiti cha magurudumu kinapita, na saguaro (zile kaktasi ndefu kama miti) utaziona kwa karibu kuliko ukiwa Camelback. Wakati mama anazunguka pole pole, wengine wapige Gateway Loop, kama kilomita 7. Anzeni wote alfajiri, la sivyo mama atawasubiri juani.

Dobbins Lookout pale South Mountain panafikika kwa gari hadi juu, mita 710 hivi, jiji lote liko chini yako. Mtoto wa 9 mpeleke Papago Park, lile tundu la mwambani, Hole-in-the-Rock. Dakika kumi kupanda. Atajiona ameshinda mlima.

KorongoKavu
Umeuliza korongo lenye kivuli. Juni usilitafute. Kuta za korongo zinazuia upepo na kutunza joto, kwa hiyo kile kivuli cha asubuhi ndiyo faida pekee, nacho kinaondoka mapema. Peralta Canyon kwenye milima ya Superstition ni nzuri kweli kweli: kama kilomita 4 hadi Fremont Saddle, unapanda zaidi ya mita 400, ukifika pale nguzo ya mwamba ya Weaver's Needle inasimama mbele yako yote. Ila ni safari ya Novemba hadi Machi. Njia ya Siphon Draw hadi jabali la Flatiron ndiyo usiitaje kabisa mbele ya huyo kijana: kupanda ni zaidi ya mita 800, na nusu ya juu haina njia iliyotengenezwa.

Mkwezi48
@KorongoKavu Siphon Draw ukiishia kwenye lile bakuli la mwamba laini, huendi Flatiron, siyo mbaya.

KorongoKavu
Februari, sawa. Juni unarudi saa 3 na nusu jua limeshawaka. Mimi watoto siwapeleki.

Badala yake chukua gari uwapandishe Flagstaff, mita 2,100 juu ya bahari, saa mbili na nusu barabarani. Kule ni misonobari na hewa ya kupumua. Lava River Cave ni pango lililoachwa na lava, urefu wake kama kilomita 1.2, ndani kuna baridi ya friji hata Juni. Kila mtu awe na koti, viatu vya kufunika na taa ya kichwani yenye betri mpya, pamoja na taa za akiba, kwa sababu ndani ni giza totoro. Mdomo wa pango ni mawe yaliyolaliana, mama abaki nje. Na kabla ya kutoka nyumbani angalia tangazo la moto wa msituni: Juni mvua bado, na mamlaka huweza kufunga msitu mzima.

Ukingoni
Grand Canyon siku moja inawezekana ila ni takribani saa tatu na nusu kwenda na nyingine kurudi, kwa hiyo tokeni saa 10 usiku. Kumbukeni kule mlima uko kichwa chini: unaanza kwa kushuka, ukiwa na nguvu na baridi ya asubuhi, kisha unapanda ukiwa umechoka na jua liko juu. Muda wa kupanda uhesabu mara mbili ya kushuka.

Kwa familia: South Kaibab hadi Ooh Aah Point, kilomita 1.5 kwenda, basi. Wenye nguvu wafike Cedar Ridge, kilomita 2.4, wameshuka kama mita 340. Njia hiyo haina tone la maji. Gari binafsi haliruhusiwi kufika mwanzo wa njia, mnapanda basi la hifadhi, bure. Mama akae kwenye Rim Trail, lami na mabenchi.

Nesi_Tempe
Maji: mtu mzima lita moja kwa kila saa ya kupanda, mtoto nusu lita hadi robo tatu. Kwa saa tatu, kaka abebe lita 3 mgongoni, siyo chupa moja mkononi. Nusu ikiisha mnageuka, hata kama kilele kinaonekana. Usiku jaza nusu mfuko wa maji wenye mrija wa kunywea, ugandishe kwenye friza ukiwa umelazwa, asubuhi ongeza maji.

Lakini maji matupu kwa saa nyingi yanazimua chumvi ya damu, na dalili zake (kichefuchefu, kichwa, kuchanganyikiwa) zinafanana na za joto, mtu anazidi kunyweshwa. Changanyeni ORS kwenye chupa moja na mle karanga za chumvi njiani.

Mtu akianza kuyumba au kujibu ovyo, hiyo ni dharura: kivulini, mlowesheni maji mwili mzima, mpepeeni, pigeni 911. Kwenye njia za jiji kuna vibao vidogo vyenye namba, msomeeni mpokea simu namba ya kibao cha mwisho mlichokipita. Kuokolewa kunaanzia hapo.

Pwani_Mesa
Nimeelewa, asanteni sana. Swali la mwisho: viatu na miiba. Watoto wanakuja na raba za shule.

FundiSoli
Raba za shule zinatosha Gateway na Papago kama kashata za soli bado zipo. Camelback hapana, mwamba umesuguliwa na nyayo za watu mpaka unateleza. Chochote mtakachovaa kisilale kwenye buti la gari: joto la humo linalegeza gundi, soli inaachia katikati ya njia. Zungusha selotepu nene ya fundi bomba kwenye chupa ya maji, mita mbili, itakufunga soli hadi chini.

Cholla ndiyo kaktasi ya kuwaonyesha watoto siku ya kwanza. Vipande vyake vinajiachia ukigusa tu, na ncha za miiba zina vijino vinavyoelekea nyuma. Kikimnasa mtoto asikishike kwa mkono wa pili, atanasa yote miwili. Ingiza chanuo la meno mapana kati ya kipande na ngozi, muombe kila mtu asogee, ukirushe mbali kwa mkupuo mmoja. Miiba iliyobaki itoe na koleo dogo, siyo kibano cha nyusi, kinateleza. Chanuo na koleo vikae mfuko wa nje wa begi.