Mdogo wangu anataka kuahirisha chuo akaigize, kila nikiongea ananitajia Lupita. Nifanyeje?

Mlipa Ada

Wakuu, heshima yenu.

Nina mdogo wangu wa kike, yuko mwaka wa pili, anasoma uhasibu hapa Dar. Wazazi wako kijijini, ada nalipa mimi, na boom (hela ya mkopo wa chuo) likikata anayepigiwa simu ni mimi. Muhula uliopita kaleta sapu mbili, mitihani ya kurudia. Nikajua ni mapenzi. Kumbe alikuwa anashinda kwenye usaili! Sasa kapata nafasi kwenye tamthilia, anaigiza dada wa kazi kwenye nyumba ya tajiri, na anataka kuahirisha mwaka mzima kwa sababu "nafasi kama hii haiji mara mbili, kaka."

Nikimuuliza kama yuko sawa kichwani, jibu ni Lupita Nyong'o. Lupita katoka hapo jirani Kenya, Lupita kachukua Oscar, Lupita kasema ndoto za mtu ni halali popote anapotoka. Ile hotuba ya 2014 anayo kwenye simu, ananiwashia tukiwa tunakula.

Sipingi sanaa. Ila mimi huyo Lupita namjua kwa lile gauni lake la bluu tu. Mnaomfahamu, ni kweli alianza hivi? Na mngekuwa mimi, mngemruhusu? Wenye matusi mpite kushoto. Nawasilisha.

Mzee wa Msimamo

Kata ada, kata na hela ya kula. Njaa itamrudisha darasani.

Karani Mstaafu

Mzee wa Msimamo hapo juu umeshauri kama askari magereza. Binti wa miaka ishirini ukimkatia hela ya kula hapa mjini, wa kumlisha hakosekani, na huyo hatakuwa kaka yake.

Mleta mada, mwambie mdogo wako wote mnazungumzia mtu mmoja ila yeye kaanzia ukurasa wa mwisho. Lupita hakuacha chuo. Alimaliza sekondari Nairobi, akaenda Marekani kusoma filamu na maigizo Hampshire College, akahitimu. Baadaye akarudi tena darasani, Yale, shahada ya uzamili ya uigizaji, miaka mitatu. Nafasi ya Patsey kwenye 12 Years a Slave aliipata akiwa anamalizia Yale, 2012. Filamu ikatoka 2013, Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike ikaja Machi 2014, ana miaka 31.

Na kabla ya kwenda Yale hakukaa anasubiri simu. Filamu ya The Constant Gardener ilipopigwa Kenya, yeye alikuwa kwenye kikosi cha nyuma ya kamera, kazi za kutumwatumwa. Huko ndiko alikomwambia Ralph Fiennes, mwigizaji mkuu wa filamu hiyo, kwamba anatamani kuigiza. Mzungu wa watu hakumpamba. Alimwambia aingie kwenye kazi hii endapo tu anaona hawezi kuishi bila hiyo kazi. Muulize mdogo wako swali hilohilo, halafu nyamaza umsikilize.

Jirani wa Nairobi

Salamu kutoka Nairobi. Karani amesema vizuri lakini ameruka kitu ambacho sisi huku tunakijua. Baba yake Lupita ni Profesa Anyang' Nyong'o, amekuwa waziri, seneta, na tangu 2017 ni gavana wa Kisumu. Lupita alizaliwa Mexico 1983 kwa sababu baba alikuwa anafundisha chuo huko. Akiwa na miaka 16 wazazi walimrudisha Mexico kujifunza Kihispania. Akiwa na 14 tayari alikuwa amecheza Juliet na kundi la Phoenix Players hapa mjini.

Sisemi kipaji alinunuliwa. Watoto wa mawaziri ni wengi na Oscar hawana. Lakini angeanguka, kulikuwa na godoro chini. Mdogo wako akianguka, godoro ni wewe. Kwa hivyo una haki ya kuuliza maswali, usifanywe mchawi.

Kitu kingine. Baada ya hiyo kazi ya kutumwa aliongoza filamu yake mwenyewe kuhusu watu wenye ualbino Kenya, In My Genes, 2009, na mwaka huohuo akaonekana kwenye tamthilia ya Shuga. Alikuwa pia kwenye kikosi cha The Namesake, filamu ya muongozaji Mira Nair, 2006. Miaka kumi baadaye Mira Nair huyohuyo akampa nafasi ya mama yake Phiona, yule binti wa chesi wa Uganda, kwenye Queen of Katwe. Mimi hiyo ndiyo hunifurahisha kuliko Oscar: anayekuona ukibeba vitu leo ndiye atakupa kazi kesho.

Dada Mekapu

Nyote mnaongea vyeti. Mimi nafanya mekapu kwenye seti hapa Dar, ngoja niongee kinachonitisha.

Kaka, umeshaona mkataba wa huyo binti? Maana dada wa kazi kwenye tamthilia anaitwa lokesheni alfajiri, anavalishwa kanga na kilemba, anakaa kwenye ndoo hadi usiku kwa sini moja ya kuleta chai. Juzi chai imemwagwa mara nyingi mpaka kanga ya akiba ikaisha, nikawa nakausha kwa pasi huku muongozaji anafoka. Kama analipwa kwa sini na si kwa siku, mwaka mzima ataahirisha kwa nauli.

La pili ni rushwa ya ngono, na hapa Lupita ana somo ambalo mdogo wako hajaliweka kwenye simu. Oktoba 2017 aliandika kwenye gazeti la New York Times kuhusu Harvey Weinstein, prodyuza mkubwa wa Hollywood. Alikutana naye 2011, bado mwanafunzi wa Yale. Jamaa akamwalika nyumbani kwake Connecticut kutazama filamu na watoto wake. Katikati ya filamu akamtoa, akampeleka chumbani, akasema anataka kumkanda mwili. Lupita akawahi kusema atamkanda yeye, ili ajue mikono ya nani iko wapi, na jamaa alipotaka kuvua suruali akaondoka. Jamaa alipomwalika tena, alikwenda na marafiki wawili wa kiume anaowaamini. Baadaye jamaa akamwita mgahawani, akamwambia ana chumba juu, akakataa. Na alipokuwa maarufu akaletewa kazi ya kampuni ya jamaa huyo, akaikataa pia.

Sasa yule ni Lupita, mtoto wa profesa, yuko Yale. Wa kwetu mwenye sapu mbili ataitwa "kikao" hotelini saa nne usiku. Kataza vikao vya hivyo kabla hujakataza uigizaji.

Mlipa Ada

Dada Mekapu, nimesoma mara mbili. Nimempigia, anasema mkataba haupo, "wamekubaliana kwa mdomo." Siku za kurekodi hajui. Prodyuza kamwambia aache chuo ili awe huru muda wote. Nimechoka hapohapo.

Karani Mstaafu

Basi una jibu nusu. Anayetaka muda wote wa mtu bila karatasi hafai kuahirishiwa hata kipindi kimoja. Binti adai mkataba: siku ngapi, shilingi ngapi, nani analipa usafiri wa usiku. Wakigoma, kajua mapema. Wakikubali, aombe wampange wikiendi na likizo, nafasi ndogo hupangika. Sapu afanye. Akimaliza uhasibu na moto bado upo, Bagamoyo pale chuo cha sanaa TaSUBa wanafundisha sanaa za maonyesho, na Chuo Kikuu cha Dar, Mlimani, pia wapo.

Fundi Redio

Uhasibu wenyewe hautupwi. Hao maprodyuza wetu wengi hawajui bajeti zao zimeliwa na nani.

Dada Mekapu

😂😂 Kweli kabisa.

Kaka, siku ya kwanza ya kurekodi msindikize. Usiende na sura ya mgambo. Salimia watu, kaa pembeni, waone ana mtu.

Mlipa Ada

Sawa wakuu. Jumamosi nakutana na huyo prodyuza, mchana, ofisini kwake, na binti yupo. Nimemwambia mdogo wangu masharti ni mkataba na sapu, kaninunia ila hajakataa. Jirani wa Nairobi, hiyo In My Genes inapatikana wapi? Nataka na mimi niwe na kitu cha kumuwashia tukiwa tunakula.